Gari Lenye Mafua

Mwalimu hakuwahi kupiga honi getini kwetu. Alisema honi ni matusi, na mtu mwenye akili zake hafiki kwenye nyumba ya watu akitukana. Yeye alifika kwa chafya. Gari lake la turbo, la rangi ya kijivu, lilikata kona ya kwetu hapa Njiro polepole, akalikanyagia mafuta kidogo, akaachia, na hapo hapo likapiga chafya: pshaa! Vijana wa bodaboda wanaoegesha pale konani walijibu kwa pamoja, "Afya!" Mama anayeuza ndizi mbivu naye alijibu, "Afya!" Na ndani ya nyumba yetu baba yangu, ambaye presha ya macho ilimwondolea kuona, aliinuka kwenye kiti, akapapasa msumari nyuma ya mlango, akashusha koti lake la kanisani.

Mimi nilikuwa nikimtazama akifunga vifungo vya koti hilo huku roho ikiniuma. Nalisema hili mapema. Watu wakiandika habari za mtu waliyemjua miaka mingi huwa wema sana kwenye karatasi, utadhani hawakuwahi kununa. Mimi nilinuna. Nilimwonea Mwalimu wivu kwa miaka, na picha yake nitakayoichora hapa ina wivu huo ndani yake. Anayetaka picha safi akamwombe mtu mwingine.

Alikuwa mwalimu wa udereva, na bado ni mwalimu wa udereva, ingawa siku hizi anafundisha wachache. Wanawake wengi unaowaona asubuhi wakiteremka na magari yao kwenda mjini kupitia Engutoto wamepita mikononi mwake, nami ni mmoja wao. Kufundishia alikuwa na kigari cheupe chenye herufi L mbele na nyuma, kilichochubuka kila upande kama goti la mtoto. Lile la turbo lilikuwa lake mwenyewe, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuligusa hata kwa kidole.

Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyechuma kahawa tangu utoto kwenye miteremko ya Meru. Sauti yake ni ndogo kuliko mikono yake. Hakuwahi kumpigia mwanafunzi kelele. Ukikosea gia alikuambia taratibu, kana kwamba anakuuliza habari za nyumbani, "Hiyo gia si mkono wa mchumba, mbona unaing'ang'ania?" Ukikanyaga breki ghafla alisema, "Breki unaiomba, mama. Huiamrishi." Kisha alinyamaza kwa muda mrefu, akitazama nje, na ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko kelele.

Mtihani wake wa mwisho haukuwa wa trafiki. Alikupeleka Tengeru siku ya soko, akakuingiza kwenye njia ya vumbi inayopita kando ya soko, penye mikungu ya ndizi, mbuzi, mikokoteni na akina mama waliopanga nyanya mpaka karibu na tairi lako, akateremsha vioo vyote. Sharti lilikuwa hili: kila mzee unayempita umwamkie, usubiri akuitikie, na gari lisizime wala lisimguse mtu. "Usipoweza kuamkia watu huku unaendesha," alisema, "wewe huendeshi, unabebwa."

Siku yangu nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa na kapu la maparachichi. "Shikamoo, bibi!" Gari likazima. Nikaliwasha, nikaanza upya, "Shikamoo, bibi!" Likazima tena, sasa likiwa limesimama mbele yake kabisa.

"Marahaba, marahaba, mwanangu," bibi alisema. "Nimeshaitikia. Sasa ondoka, unanizibia wateja."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Jioni ile alinirudisha nyumbani kwa gari lake la kijivu, akaingia kumsalimia Baba, akamsimulia habari ya yule bibi, sauti zote mbili, ya kwangu na ya bibi. Baba alicheka. Mama alikuwa amekufa mwaka mmoja nyuma, na tangu tumzike nilikuwa nimejaribu kila kitu: redio mpya, wajukuu wa kaka yake, supu ya mtori, nyimbo za kwaya. Hakucheka. Sasa alikuwa anacheka, tena ananicheka mimi, kwa ajili ya mwanamke aliyeingia mlangoni kwetu dakika chache zilizopita. Wivu wangu ulianza siku hiyo, nikiwa nimesimama na sinia la chai mkononi.

Niseme kidogo kuhusu Baba, ili ieleweke nilikuwa nagombania nini. Alikuwa dereva wa lori enzi ambazo kwenda Dodoma kulikuwa safari ya kuagana na familia. Macho yalipoharibika nilimchukua akae kwangu. Mimi ndiye niliyemtia dawa ya macho asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Mimi niliyemnyoa, niliyemkata kucha, niliyempikia. Nilikuwa mhasibu kwenye shamba la maua huko njia ya Moshi, na kila jioni nilikimbiza gari kurudi Njiro kwa kuhofia kwamba ameanguka bafuni. Nikiingia nilimkuta amekaa, miguu juu ya stuli, singlendi, kofia ya sufi, soksi moja imevuka kisigino. Hakuinuka. "Umefika," alisema, na hilo halikuwa swali wala salamu. Umefika, basi. Nikatia dawa.

Lakini chafya ilipolia kona, mzee huyo huyo alisimama kama askari. Koti. Kofia nzuri. Akajipangusa ndevu kwa kiganja. "Mama," aliniita, "hebu nitazame, nimefunga vifungo sawasawa?" Nilimtazama. Siku moja niliona ameruka kifungo, nikamwambia amefunga sawasawa. Mwalimu alipoingia alikiona kabla hajakaa, hakusema neno, na mimi nilifurahi.

Walikuwa wanaongea magari tu. Mtu akisikia mwanamke mjane na mwanamume mjane wanakaa barazani kila Jumamosi atadhani wanaongea mengine, nami nilidhani hivyo, nikawa natafuta visingizio vya kupita na kufagia karibu yao. Nilichosikia ni klachi. Nilisikia habari za lori lililokatika breki kwenye mteremko, za mchanga unaomeza tairi, za namna ya kujua injini inachemka kwa harufu kabla ya geji. Siku ya kwanza kabisa Baba alimwomba amfungulie boneti. Akaingiza mikono, akapapasa mipira ya hewa mmoja baada ya mwingine mpaka akaifikia vali yenyewe, ile inayopiga chafya, akaishika kama mtu anayeshika pua ya ndama. "Kumbe ni wewe mwenye mafua," aliliambia gari. Tangu hapo likaitwa gari lenye mafua, na mimi nikapoteza Jumamosi zangu.

Mwenye gari lenye kelele ungedhani anakimbiza. Mwalimu anaendesha polepole kiasi cha kukera. Nimewahi kumfuata kwa nyuma kutoka Kijenge na nikapitwa na mtu wa baiskeli. Lile turbo, lenye nguvu za kupanda mlima likiwa limebeba kwaya nzima, analiendesha kama amebeba mayai, na ile chafya aliitoa sehemu moja tu katika mji huu mzima, kona ya kwetu. Hili sikulijua kwa muda mrefu. Nilidhani anapiga chafya kila mahali, anajionyesha. Ni vijana wa bodaboda walioniambia: "Huyo mama? Mjini yuko kimya, dada. Chafya anaipigia hapa kwenu tu." Niliposikia hivyo nilizidi kuumia.

Kanisani yuko kwenye kwaya, sauti ya pili, mstari wa nyuma, na ukikaa benchi la mbele husikii kama yupo. Ni mzee wa kanisa pia. Anaogopa kupanda gari linaloendeshwa na mtu mwingine, hata mchungaji. Safari ya mazishi ya ndugu yake huko Ngurdoto alikataa basi la kwaya, akaenda nyuma yake na gari lake, peke yake, akiimba. Anawafundisha watu kutoogopa barabara, yeye mwenyewe havuki barabara ya Moshi kwa miguu bila kumshika mtu mkono. Nilimshika mimi mara nyingi. Kiganja chake kilikuwa kinatoka jasho.

Na loshoro! Baba alikuwa na tumbo la kuchagua, daktari alimkataza hiki na kile, mimi nikapima chumvi kwa kijiko cha mtoto. Mwalimu alikuja na chombo chake cha plastiki chenye loshoro, mahindi na maziwa mgando kama yanavyopikwa kwao juu Meru, na Baba alikula mpaka akafuta chombo kwa kidole. Nilipojaribu kupika mimi alionja, akaweka kijiko chini kwa upole. "Nzuri," alisema. "Hii nayo nzuri." Neno lile "nayo" nililibeba siku nyingi.

Sasa nifike kwenye vali, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nilipopata uwezo nilinunua gari la turbo. Wenzangu ofisini waliniuliza mtu wa hesabu anataka turbo ya nini, nikawaambia ni kwa ajili ya vilima. Ukweli ni kwamba nilitaka Baba aingize mikono kwenye boneti langu. Aliingiza. Akapapasa, akasema ni injini safi, ya kisasa, kimya sana. "Kimya sana," alirudia, akafuta mikono, akaenda kukaa.

Baada ya muda gari likaanza kukosa nguvu kwenye mwinuko. Fundi akafungua, akanionyesha: ile vali imechanika ndani. Akanieleza kazi yake, na nieleze hapa kwa wasiojua. Turbo ni feni inayosukuma hewa kwa nguvu kwenda kwenye injini. Ukiachia mafuta ghafla, mlango wa injini unafungwa, na hewa iliyokuwa njiani inakosa pa kwenda. Vali inaifungulia njia. Ziko za aina mbili. Moja inaitoa hewa nje, na hiyo ndiyo chafya. Nyingine inairudisha ndani, pale ilikoingilia, izunguke tena, na hiyo haisikiki.

"Dada, nikuwekee ipi?" fundi aliuliza. "Ya chafya ndiyo vijana wanayoipenda. Ya kurudisha ndiyo iliyokuja na gari."

Nilimwambia anipe muda. Jumamosi ile niliwakuta wote wawili barazani, Baba na koti lake, nikamuuliza Mwalimu mbele yake, kwa sauti ya kawaida kabisa kadiri nilivyoweza.

"Chukua ya kurudisha," Mwalimu alisema, hata hakufikiri.

"Mbona wewe una ya chafya?"

"Langu ni la zamani, linahesabu tofauti." Akaweka kikombe chini. "Sikiliza. Gari lako linahesabu hewa mlangoni. Kila inayoingia, gari linasema, huyo mgeni, mpikie. Linaandaa petroli ya kumtosha. Sasa wewe mgeni ameshahesabiwa, chakula kimeshaiva, unamtoa kwa mlango wa nyuma. Chakula kinabaki. Gari linajaa petroli isiyo na mtu wa kuila, linatoa moshi mweusi, linazima. Langu halihesabu mlangoni. Linahesabu mezani, waliokwisha kukaa. Akitoka mtu njiani halijali, halikuwa limempikia."

"Safi," Baba alisema. "Umelieleza vizuri sana, Mwalimu. Mama, umeelewa?"

Nilielewa. Nilielewa kwamba chafya ni yake, na mimi naambiwa ninyamaze. Nilimtazama anavyokunywa chai yangu kwenye kikombe cha mama yangu, nikajiambia, mwanamke huyu hataki mlango wetu ulie kwa mwingine ila yeye. Jumatatu nikaenda kwa fundi nikamwambia aweke ya chafya.

Kutoka gereji mpaka kipilefti gari lilikwenda vizuri, na kila nilipoachia mafuta lilipiga chafya, pshaa, nikatabasamu peke yangu. Kwenye kipilefti nikaachia ili niwapishe wengine, likapiga chafya, likakohoa, likazima. Moshi mweusi ukatoka nyuma. Nikawasha. Mbele kidogo kwenye tuta, likazima tena. Dereva wa bodaboda akasimama kando yangu. "Dada, hilo lina mafua ya kweli. Lipeleke hospitali." Watu wakacheka. Mimi sikujali. Nilikuwa naitaka kona moja tu.

Nilipoifikia nikakanyaga, nikaachia. Likapiga chafya kubwa kuliko zote. "Afya!" vijana wakajibu, na mama wa ndizi akajibu, na mimi mle ndani ya gari nikasema kwa sauti, "Ahsanteni!" Likazima mbele ya geti, nikaliacha hapo hapo nikaingia mbio.

Baba alikuwa amesimama. Koti, kofia nzuri, vifungo vyote mahali pake. Uso wake ulikuwa na ile nuru niliyokuwa nikiitazama pembeni miaka yote, na sasa ulikuwa umeelekezwa kwangu, mlangoni. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Karibu sana, Mwalimu! Leo Jumatatu? Karibu!"

Nilisimama. Ningeweza kuipokea ile mikono na kukaa kimya, na Mungu anisamehe, nilifikiria.

"Ni mimi, Baba."

"Ah," alisema. "Ni wewe." Mikono ikashuka. Akavua koti, akapapasa msumari, akalitundika, akakaa, akavua viatu kwa kusukuma kimoja kwa kingine, akanyoosha miguu juu ya stuli. "Umefika," alisema.

Kesho yake nilimrudia fundi, akaweka ya kurudisha, na gari likanyamaza na kwenda vizuri. Sikumwambia mtu. Lakini mtaa ulimwambia Mwalimu, maana vijana wa bodaboda hawana siri, na yeye hakunicheka wala hakutaja. Afadhali angenicheka. Nikaendelea kumwandalia chai na kumshika mkono barabarani, wivu wangu nikiurudisha ndani uzunguke tena, kama gari langu.

Ilipita mvua moja, ikaja baridi ile ya Arusha ambayo mlima hauonekani wiki nzima. Jumamosi moja nilimsindikiza Mwalimu getini. Alikuwa ameshika ufunguo lakini hafungui mlango wa gari.

"Nikuulize kitu," alisema. "Baba yako akiwa nyumbani huwa anavaa nini?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Anavaaje? Anavaa nguo za kawaida. Singlendi. Suruali ya kulalia. Ndala. Soksi zake zile za sufi zimetoboka, anakataa nizitupe."

"Kichwani je?"

"Kofia ya sufi. Ile ya kijani, Mwalimu, ya aibu."

"Sijawahi kuiona," alisema.

Alilitazama gari lake. Kisha akasema mambo ambayo sikuyatarajia kutoka kwa mtu anayekaa kimya mwanafunzi akigonga ukuta.

"Miaka yote hii sijawahi kumkuta amekaa. Kila nikija, amesimama na koti. Utadhani mkuu wa wilaya ameingia. Tunaongea vizuri, tunacheka, lakini mgongo wake hauegemei kiti mpaka niondoke. Mimi naona, si kipofu. Halafu unaingia wewe na gari lako lisilosikika, na yeye anaacha neno katikati. 'Amefika,' ananiambia. Hujafika hata getini. Sijui anasikia nini. Anaanza kulegeza vifungo, mwili wote unashuka, na mimi najua muda wangu umekwisha, nachukua chombo changu." Akavuta pumzi. "Nakuonea wivu, mama. Nimechoka kuwa mgeni."

Nilimfungulia geti, akaondoka, polepole kama kawaida yake.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia pale pale. Sikumhurumia. Niliingia ndani nikamkuta Baba amenyoosha miguu, soksi imevuka kisigino, akasema, "Umemsindikiza," na mimi nikakaa sakafuni karibu na stuli yake nikiwa na furaha ya ajabu, furaha mbaya, ya mtu aliyeshinda mchezo ambao hakujua anashinda. Niliivuta ile soksi nikaiweka sawa. Siku kadhaa nilitembea na furaha hiyo kazini na sokoni. Nilikuwa naipita ile kona kimya kimya nikijua kwamba ndani kuna mtu ameshasema amefika.

Halafu furaha ikaanza kupungua, sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata nayo. Baba alivaa koti saa za kawaida, akakaa nalo, akalivua. Alikula loshoro yangu bila kusema "hii nayo".

Alikuja Jumamosi ya tatu, mchana, jua limetoka na Meru umejitokeza wote mpaka kilele. Nilikuwa barazani namwosha Baba miguu kwenye beseni, maji ya moto na chumvi, kwa sababu ya uvimbe. Alikuwa na singlendi, suruali imekunjwa mpaka magotini, kofia ya kijani. Geti lilikuwa wazi. Niliinua macho nikaliona gari la kijivu limeingia na kusimama chini ya ukuta, na sikuwa nimesikia kitu. Konani hakuna aliyesema afya. Mwalimu alishuka akafunga mlango kwa kuusukuma na nyonga, taratibu, akasimama pale kwenye nyasi na chombo chake mkononi.

Nilielewa alichofanya. Gari lake halikuhitaji ile vali ya kurudisha, yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo. Angeweza kuacha tu kulikanyagia mafuta pale konani, lakini alikuwa amekwenda kwa fundi, na fundi alinithibitishia baadaye, akaiweka hiyo hiyo akalinyamazisha gari lote, kwa ajili ya hatua chache tu kutoka getini mpaka barazani.

Aliniangalia. Hakuwa anaomba, lakini alikuwa amesimama kama mwanafunzi wake mwenyewe anayengoja kuambiwa aingize gia. Koti lilikuwa nyuma ya mlango, mkono wangu ungelifikia. Nilichotakiwa kufanya ni kile ambacho binti yeyote aliyelelewa vizuri angefanya, kumwambia baba yake kwamba kuna mgeni, asije akaaibika na miguu yake ndani ya beseni. Maneno yalikuwa mdomoni. Na wivu ulikuwepo, usidhani ulikuwa umeondoka, ulikuwa unanisukuma niyaseme.

Mwalimu akapiga hatua, nyasi zikalia. Baba akainua kichwa.

"Nani?"

Nilishika kisigino chake, nikaendelea kusugua.

"Wa nyumbani, Baba."

Alielekeza sikio kwenye nyasi. Niliona vidole vyake vikishika mikono ya kiti, vile vinavyoshika anapotaka kusimama. Kisha vikaachia. Akaegemea. Akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akaunyoosha juu ya paja langu niufute, akauliza kuelekea kule kwenye nyasi, bila kugeuza hata shingo:

"Limepona mafua, Mwalimu?"

"Limepona," Mwalimu alisema, na sauti yake ndogo haikumtosha.

"Basi kaa," Baba alisema. "Mama atakupa taulo, unifute huu mguu mwingine."

Nikampa taulo.